Leseni ya Muuzaji, Siku 45 za Mnunuzi

Katika jimbo la New York, kitengo kinachompa kinyozi leseni ya kunyoa na dalali wa nyumba leseni ya udalali ndicho hichohicho kinachomsajili anayeuza vifaa vya usikivu. Mtaalamu wa audiolojia, aliyesomea masikio hadi shahada ya udaktari, leseni yake ya taaluma huipata kwingine, upande wa idara ya elimu. Lakini akitaka kuuza mashine ya sikio, naye itambidi apige hodi kwenye mlango wa vinyozi. Wako wanaolicheka jambo hili. Mimi naona New York ilisema wazi kile ambacho majimbo mengi ya Marekani yamekifunika kwa makoti meupe: kumwekea mtu kifaa cha usikivu ni nusu tiba na nusu biashara, na mteja anapolia, mara nyingi anaililia ile nusu ya pili.

Kwa zaidi ya miaka 60 majimbo hayo yamekuwa yakipima elimu ya muuzaji kwa mitihani, viapo na ada za kila mwaka. Kazi hiyo ina maana yake, nami nitaitetea hapa chini. Ila ulinzi wenye nguvu kuliko wote waliowahi kumpa mnunuzi hauko kwenye mtihani. Uko kwenye kifungu cha mkataba kinachomruhusu kurudisha kifaa na kudai fedha zake. Kifungu hicho hakisifiwi na mtu, na hakuna anayekitundika ukutani ndani ya fremu.

Tuanze na hali ya mnunuzi mwenyewe. Usikivu unaopotea kwa uzee hauna haraka. Mzee hupitisha miaka akisema wajukuu siku hizi wanamung'unya maneno, redio imechoka, kipaza sauti cha kanisani kimeharibika. Siku anapokubali kwenda kupimwa anakuwa amechoshwa na mabishano ya nyumbani, na anaingia dukani bila kipimo chochote cha kujua anauziwa nini. Kiatu kikikubana unajua papo hapo. Kifaa cha usikivu, hata kile kizuri kabisa, siku ya kwanza hukera: kijiko kikigonga sahani kinatoa mlio wa kengele, sauti yako mwenyewe unaisikia kama umo ndani ya pipa. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Kwa hiyo muuzaji mwema na muuzaji laghai wote wawili wanamwambia mzee neno moja: "Vumilia, utazoea." Mmoja anasema kweli. Mzee hana namna ya kujua ni yupi.

Na anayevumilia amelipa pesa nyingi. Mwaka 2013 wastani wa bei ya jozi moja nchini Marekani ulikuwa dola 4,700. Medicare, bima ya serikali kwa wazee iliyopitishwa mwaka 1965, iliviacha nje vifaa hivi tangu siku ya kwanza. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungeviingiza, lakini ulikwama kwenye Seneti. Mzee analipa kutoka mfukoni mwake, mara nyingi kwa mkopo ambao duka lenyewe linamtafutia.

Asili ya biashara hii haiko hospitalini. Iko kwenye redio. Mwaka 1943 kampuni ya Zenith ya Chicago, watengenezaji wa redio, ilitoa kifaa kilichoitwa Radionic kwa dola 40, wakati washindani wake walikuwa wakiuza vya kwao kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Eugene McDonald, bosi wa Zenith, aliona kifaa cha usikivu kiuzwe kama miwani ya kusomea, juu ya kaunta, mtu ajaribu na aondoke nacho. Wenzake hawakutaka kusikia habari hiyo. Soko lilibaki mikononi mwa mawakala waliozunguka nyumba hadi nyumba na mabegi yao, wakilipwa kwa kamisheni, wakiwapima wazee mezani sebuleni huku televisheni imewashwa. Mengi ya matusi ambayo kazi hii imetukanwa yalizaliwa kwenye sebule hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Oregon ilianza kudai leseni, na katika miongo miwili iliyofuata majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Sheria hizi hazikuja kwa kelele za wateja peke yake. Chama cha wauzaji wenyewe kilizunguka kwenye mabunge ya majimbo kikizipigia debe. Kilitaka kuwafukuza matapeli waliokuwa wakiiharibia kazi jina, na si kosa. Lakini anayeomba serikali ijenge geti mara nyingi huomba pia awe mlinzi wake. Bodi zilipoundwa, viti vingi vilikaliwa na wauzaji.

Mwaka 1968 kamati ya Seneti ya masuala ya wazee, katika vikao vilivyoongozwa na Seneta Frank Church, ilisikiliza ushahidi kuhusu masikio ya wazee na bei za vifaa. Mwaka 1973 kikundi cha wastaafu chini ya mwamvuli wa Ralph Nader kilitoa ripoti yenye jina la kuuma, Paying Through the Ear, iliyowashambulia wauzaji bila kupepesa macho. Serikali kuu ikasukumwa kufanya jambo. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ikatoa kanuni mwaka 1977: hakuna kuuza kifaa cha usikivu mpaka mteja awe ameonwa na daktari ndani ya miezi 6 iliyotangulia.

Kanuni hiyo ilizaliwa na tundu. Mtu mzima aliruhusiwa kusaini karatasi kwamba ameamua kutokwenda kwa daktari. Muuzaji alikatazwa kumshawishi kusaini, lakini aliyekuwa na kalamu na karatasi mezani ni nani? Karatasi ile ikawa moja ya zile zinazosainiwa mfululizo, kati ya fomu ya anwani na fomu ya malipo. Iliendelea hivyo kwa karibu miaka 40. Mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipochunguza zilisema hazikuona ushahidi wowote kwamba sharti lile, pamoja na karatasi yake ya kulikwepa, linampa mgonjwa manufaa ya kitiba yenye uzito. Desemba mwaka huohuo FDA ikatangaza haitalisimamia tena kwa watu wazima.

Wataalamu wa audiolojia, wakati kanuni ya 1977 inatoka, hawakuwa wakiuza. Chama chao kikuu, ASHA, kilihesabu kuuza kifaa kwa faida kuwa kosa la maadili. Mtaalamu alipima, akaandika, akamtuma mgonjwa kwa muuzaji. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wahandisi, ikisema chama cha taaluma hakiwezi kuua ushindani kisha kikajificha nyuma ya maadili, na ASHA ikaondoa katazo lake. Tangu hapo mpimaji na muuzaji wakawa mtu mmoja, mwenye shahada au asiye nayo. Sisemi walikosea kuliondoa. Nasema kuanzia siku hiyo hoja ya "nenda kwa msomi, yule mwingine ni mchuuzi" ilipungua uzito, kwa sababu wote wawili sasa wanakula kwenye sahani ya kifaa kinachouzwa.

Sasa kuhusu utetezi nilioahidi. Masharti ya leseni ya muuzaji asiye mtaalamu wa audiolojia yanatofautiana kwa majimbo, lakini sura yake ya kawaida ni hii: awe na miaka 18, awe amemaliza sekondari au chuo cha miaka miwili, afanye kazi kwa muda chini ya mwenye leseni, kisha mtihani wa kuandika na, katika majimbo mengi, mtihani wa vitendo. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia "amemaliza sekondari" atanyanyua nyusi. Asinyanyue haraka. Huo mtihani wa vitendo, ukiendeshwa vizuri, unapima mambo yanayoweza kumdhuru mtu kweli.

Chukua kazi ya kutengeneza chapa ya sikio, ile inayotumika kuchonga kizibo cha kifaa kulingana na njia ya sikio la mtu fulani. Mtahiniwa anamulika kwanza ndani kwa otoskopu, akiwa ameegemeza vidole vyake kwenye kichwa cha mteja ili mteja akishtuka, mkono na kichwa viende pamoja. Anatazama nta, jeraha, tundu kwenye ngoma. Halafu anachukua kizibo kidogo cha sifongo chenye uzi, anakisukuma kwa kijiti chenye taa mpaka kipite kona ya pili ya njia ya sikio. Uzi unabaki unaning'inia nje. Anachanganya silikoni na kuiingiza kwa bomba kama la sindano, bila kuacha hewa katikati, anasubiri dakika kadhaa igande, ndipo anaivuta taratibu huku akiizungusha. Kizibo kikiwa kidogo mno, au kikiwa hakijafika pale, silikoni inapita pembeni na kwenda kugandia kwenye ngoma. Ngoma ikiwa na tundu la zamani ambalo mpimaji hakuliona, silikoni inaingia sikio la kati, na hapo kuitoa ni kazi ya daktari bingwa na nusukaputi. Majarida ya upasuaji wa masikio yana visa vya namna hii vya kutosha. Nampa haki yoyote anayesema mtu asiguse kazi hii bila kupimwa mbele ya mashahidi.

Chukua pia kupima sikio moja wakati jingine likiwa zima. Sauti inayopitishwa kwenye mfupa wa kichwa hufika masikio yote mawili karibu sawa. Mpimaji asipojaza kelele kwenye sikio zima ili kulizuia, sikio zima litajibu kwa niaba ya sikio lililokufa, na karatasi itaonyesha usikivu usiokuwapo. Kifaa cha maelfu ya dola kitawekwa kwenye sikio lisilosikia chochote.

Na ziko dalili za hatari ambazo FDA iliziorodhesha tangu 1977, na kila mwenye leseni anatakiwa azijue kwa kichwa: sikio lenye ulemavu wa kuonekana, usaha uliotoka ndani ya siku 90, usikivu ulioshuka ghafla au kwa kasi ndani ya muda huohuo, kizunguzungu, upande mmoja kupotea ghafla, maumivu, nta nyingi au kitu kilichonasa, na pengo la desibeli 15 au zaidi kati ya kipimo cha hewa na kipimo cha mfupa kwenye hezi 500, 1,000 na 2,000. Pengo hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Linamaanisha tatizo liko njiani kabla ya neva, pengine ni kitu ambacho daktari anaweza kukitibu, na kifaa kitakuwa kinaficha ugonjwa. Usikivu unaopotea ghafla upande mmoja nao ni dharura ya kuhesabiwa kwa siku, kwani dawa ikichelewa nafasi ya kurudisha usikivu hupungua. Muuzaji anayemwambia mtu huyo achague rangi ya kifaa amefanya kosa la kunyang'anywa leseni, na sitamtetea.

Sasa hesabu upande wa pili, yale ambayo mtihani hauyagusi. Hauulizi kama bei iliyotajwa ni ya kifaa peke yake au imefungwa pamoja na huduma ya miaka mitatu ambayo mzee wa miaka 88 huenda asiitumie. Hauulizi kama kifaa kimefungiwa kwa programu ya mtandao fulani wa maduka, hivi kwamba mteja akihamia jimbo jingine hakuna fundi atakayeweza kukirekebisha. Hauulizi duka ni la nani, ingawa Miracle-Ear iko chini ya Amplifon ya Italia na Beltone iko chini ya GN ya Denmark, ambayo yenyewe hutengeneza vifaa. Si dhambi kuwa hivyo, ila mteja angependa kujua kwa nini chapa ile moja ndiyo iliyomfaa kila aliyeingia wiki ile. Wala hakuna anayemrudia mwenye leseni baada ya mwaka mmoja kuona kama anatumia kile kipimo cha mrija mwembamba unaoingizwa sikioni kuhakiki sauti inayofika kwenye ngoma. Kipimo hicho kinapendekezwa na miongozo yote ya taaluma na kinarukwa na wengi. Mtihani unajua anachoweza kukifanya. Anachokifanya Jumanne saa kumi jioni, na mteja wa mwisho yuko mlangoni, haukijui.

Tatizo la nani yuko kwenye bodi lilikuja kuumbuka kupitia meno. Bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliyojaa madaktari wa meno wanaofanya kazi hiyo, ilikuwa ikiwaandikia barua wafanyabiashara wa kung'arisha meno kwenye maduka, ikiwaamuru waache. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba bodi inayotawaliwa na wanasoko wenyewe haipati kinga dhidi ya sheria za ushindani ila kama serikali ya jimbo inaisimamia kwa vitendo. Mawakili wa bodi za kila aina walikaa vikao usiku huo, na za masikio hazikuwa salama kuliko nyingine. Texas ilihamishia kazi ya wauzaji na wapimaji wa vifaa vya usikivu kwenye idara kubwa ya leseni, TDLR, mwaka 2016, ambako wanasimamiwa pamoja na mafundi umeme na wengineo. California ilikuwa imechukua njia nyingine mapema: mwaka 2010 iliunganisha wauzaji na wataalamu wa audiolojia ndani ya bodi moja, waangaliane. Florida bado ina bodi yao peke yao chini ya Idara ya Afya.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Missouri. Kampuni ya Illinois ilikuwa ikiuza vifaa kwa posta, na bodi ya wauzaji ya Missouri ikaishtaki: sheria ya jimbo ilitaka mteja apimwe na kuwekewa kifaa ana kwa ana. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane ilisema sharti hilo linaongeza juu ya kanuni ya shirikisho ya kifaa, na jimbo haliwezi kuliweka. Bodi ilikuwa ikimlinda mzee wa Missouri? Huenda. Ilikuwa pia ikimlinda muuzaji wa Missouri, na hapo ndipo sheria za leseni zinaponitia shaka kila mara: ukilisoma katazo, huwezi kujua limeandikwa kwa kalamu ya nani.

Kifungu cha kurudisha kifaa hakina utata huo, kwa sababu hakuna muuzaji aliyewahi kukiomba. California ilikuwa na siku 30, ikaongeza hadi 45. New York ni 45. Texas na Florida ni 30. Ila nakushauri usome sheria ya Minnesota, kwa sababu aliyeiandika alikuwa amekaa na wazee akawasikiliza. Siku ni 45 za kalenda. Mteja anarudisha kwa maandishi bila kulazimika kuthibitisha ubovu wowote, na gharama ambayo muuzaji anaruhusiwa kubaki nayo imewekewa kikomo. Halafu kuna sentensi hii ya thamani: kifaa kikiwa kimerudishwa dukani kurekebishwa, siku zinasimama, siku moja kwa kila saa 24 ambazo kifaa hakiko mikononi mwa mteja.

Ukijua ujanja wa zamani wa biashara hii, utaona sentensi hiyo ilikuwa inamlenga nani. Mteja analalamika siku ya 12. "Tuachie tukichonge upya kizibo." Kiwandani, siku 10. Anarudi, bado kinapiga filimbi. "Tubadilishe sauti kidogo, jipe wiki mbili." Siku ya 36, kwenye jimbo la siku 30, anaambiwa kwa upole kwamba muda wa kurudisha umepita, lakini wako tayari kuendelea kumsaidia. Hakuna uongo uliosemwa. Hakuna kifungu cha maadili kilichovunjwa, na mtihani wa leseni muuzaji aliupita kwa alama za juu. Kusimamisha saa kunaumaliza mchezo huo bila mkaguzi, bila shahidi na bila kikao cha nidhamu kinachochukua mwaka mzima na nusu.

Zaidi ya hapo, haki ya kurudisha inambadilisha muuzaji mwenyewe kabla ya kosa. Anayejua kwamba kifaa kinaweza kurudi atahakiki kwa ule mrija, atampigia mteja simu wiki ya kwanza, atamwuzia kifaa cha dola 1,800 badala ya cha 6,000 akiona masikio hayahitaji zaidi. Leseni inamfanya aogope bodi, ambayo huenda isimfikie kamwe. Siku 45 zinamfanya aogope mteja.

Mwaka 2017 hesabu ilibadilika tena. Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Elizabeth Warren wa Massachusetts na Chuck Grassley wa Iowa, walipitisha sheria ya kuruhusu vifaa vya usikivu kuuzwa moja kwa moja dukani kwa watu wazima wanaohisi usikivu wao umepungua kidogo au kiasi. Rais aliisaini Agosti 18. FDA ilipewa miaka mitatu kutoa rasimu ya kanuni, muda ukapita, mpaka agizo la Rais Biden la Julai 2021 kuhusu ushindani likaisukuma. Kanuni kamili ilitoka Agosti 2022 na maduka yakaanza kuuza Oktoba 17. Wazo la McDonald wa Zenith lilisubiri miaka 79.

Kanuni hiyo inalinda kwa kukidhibiti kifaa chenyewe, si mtu anayekiuza. Sauti isizidi desibeli 111, au 117 kwa kifaa chenye mfumo wa kubana sauti kali. Ncha isiingie karibu zaidi ya milimita 10 na ngoma ya sikio. Dalili za hatari zichapwe kwenye boksi. Na jimbo limekatazwa kudai leseni ya kuuza vifaa hivi, kwa hiyo mhudumu wa duka la dawa anakitoa rafuni kama panadoli. Septemba 2024 FDA iliidhinisha hata programu inayogeuza vifaa vya masikioni vya Apple, AirPods Pro, kuwa kifaa cha usikivu.

Naiunga mkono sheria hii, na hapohapo kuna jambo linaloniudhi ndani yake. Kuhusu kurudisha, kanuni ya shirikisho inamtaka mtengenezaji aandike sera yake nje ya boksi, na kama hapokei kurudishiwa, aandike hivyo hivyo. Basi. Muuzaji mwenye leseni, aliyesoma na kufanyiwa mtihani, anabanwa na siku 45 za Minnesota. Boksi lisilo na mtu nyuma yake linatakiwa tu kuwa wazi kwamba pesa zako hazirudi. Walikuwa na nafasi ya kulitoa geti na kuibakiza haki ya kurudishiwa fedha, wakaondoka na vyote viwili.

Wameacha na fundo jingine ambalo wanasheria wa majimbo wamehangaika kulifungua. Vifaa vyote visivyo vya dukani, pamoja na vyote vya watoto chini ya miaka 18, sasa vinaitwa vya kuagizwa na mtaalamu. Nani anaruhusiwa kuagiza? FDA ilisema hilo ni la jimbo, na si lazima awe daktari. Lakini sheria nyingi za majimbo zilikuwa zimempa muuzaji ruhusa ya "kupima, kuchagua, kuweka na kuuza". Neno "kuagiza" halikuwamo kwa sababu miaka yote hakuna aliyelihitaji. Kwa asubuhi moja watu waliofanya kazi hiyo miaka 30 wakawa hawajui kama ni halali. Mabunge kadhaa yalilazimika kuliongeza neno hilo, na vyama vya audiolojia vikaona fursa ya kupigania tena mpaka wa zamani.

Kwetu jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Mwenye ndugu Minneapolis au Houston anajua maboksi hayo yanakosafiri. Mama anakaa Moshi au Kisumu, mwana anaona jozi ya dola 300 dukani, anampa anayekuja likizo. Kingine ni kile kinachotumwa baada ya msiba: babu wa watu amefariki, vifaa vyake vya dola 5,000 viko kwenye droo, "wapelekeeni nyumbani vikasaidie". Vile vya dukani hatari yake ni ndogo kwa sababu ya kikomo cha sauti, ingawa havimfai mtoto wala mtu ambaye haisikii hata simu ikiita mezani. Vile vya marehemu vimepangwa kwa masikio ya marehemu. Mtu mwenye upungufu mdogo akivaa kifaa kilichopangwa kwa aliyekuwa karibu kiziwi, anajimwagia kelele kwenye neva zilizobaki, kila siku, kwa nia njema ya familia nzima. Vinaweza kupangwa upya, kama kuna mtaalamu mwenye programu ya mtengenezaji na kama mtandao wa maduka haujavifungia.

Tanzania inacho chombo cha kuangalia kifaa: ile iliyokuwa TFDA ikawa TMDA mwaka 2019, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kinachokuja, kadiri maduka ya vifaa vya usikivu yanavyoongezeka Dar es Salaam na Nairobi, ni hoja ya kumsimamia mtu anayeuza. Itakapofika bungeni, waandishi wa muswada watafungua sheria za Wamarekani na kwanza wataona sura ndefu za bodi, idadi ya wajumbe, ada na mitihani, kwa kuwa ndizo zinazojaza kurasa. Sehemu ya mtihani wa vitendo kuhusu chapa ya sikio waichukue nzima, na watoto wasiguswe na mtu asiyesomea. Kwenye bodi waweke wajumbe wasiouza chochote, wawe wengi kuliko wanaouza. Na ile sentensi ya Minnesota kuhusu saa 24 isiwe kwenye kanuni zitakazotungwa baadaye na waziri, iwe ndani ya sheria yenyewe, kwa Kiswahili, na ichapwe kwenye risiti juu ya mahali mteja anapoweka sahihi.